Jani Kavu ni Hati ya Nchi

Kila Serikali inayojiheshimu huweka kumbukumbu. Huweka daftari la waliozaliwa na waliofariki, huweka ramani za viwanja na mashamba, huweka hesabu ya mali yake, ili siku likizuka shauri asiwepo mtu wa kujitetea kwa kusema "nilidhani". Hata hivyo ipo mali moja kubwa ya nchi ambayo wengi wetu hatujapata kufikiri kwamba nayo ina daftari lake. Mali hiyo ni miti, nyasi na maua yaliyoota katika ardhi yetu bila ya kupandwa na mtu. Daftari lake ni karatasi ngumu zilizobandikwa majani makavu, na nyumba ambamo karatasi hizo huhifadhiwa wataalamu huiita hebaria. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, wananchi wa visiwa na viongozi wa Serikali kwa pamoja, juu ya nyumba hiyo, juu ya safari zinazoijaza, na juu ya wajibu unaotukabili kwayo.

Kwanza hatuna budi kuondoa dhana moja. Wapo wanaodhani kwamba mtaalamu wa mimea ni mtu wa kukaa kitini na vitabu, na kwamba kuchuma majani ni mchezo wa watoto wa skuli. Dhana hiyo haina msingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hebaria yake, inayotambuliwa na wataalamu wa ulimwengu kwa herufi tatu, DSM. Karatasi zilizomo humo hazikujileta zenyewe. Nyuma yake zipo safari za barabara za tope, mwendo wa miguu kutoka pale gari lilipokomea, usiku chini ya chandarua, na mwenyeji wa kijiji aliyetangulia mbele na panga lake kwa kuwa yeye ndiye anayeijua njia.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Mkusanyaji hutafuta tawi lenye maua au matunda, kwa sababu majani peke yake mara nyingi hayatoshi kumtenga mti mmoja na jamaa zake. Tawi likiwa juu hukatwa kwa mkasi uliofungwa kwenye ufito mrefu. Mmea ukiwa mdogo hung'olewa pamoja na mizizi yake. Kisha hulazwa ndani ya gazeti lililokunjwa, majani mengine yakielekea juu na mengine chini ili pande zote mbili zionekane. Magazeti hayo hupangwa moja juu ya jingine, na baina yao hutiwa karatasi za kunyonya maji na vipande vya maboksi vya kupitisha hewa. Furushi zima hubanwa baina ya fremu mbili za mbao na kukazwa kwa mikanda. Jioni huanza kazi ya kukausha, kwa jua lililobaki au kwa joto la jiko, na karatasi zilizolowa hubadilishwa kila siku. Penye mvua nyingi, ambapo hapana njia ya kukausha, mkusanyaji hulowesha furushi lake kwa spiriti na kulifunga ndani ya mfuko wa plastiki mpaka atakapofika penye moto. Akizembea, kuvu huingia, majani hupukutika, na taabu yote ya safari huwa imekwenda bure.

Basi wasomaji wasishangae tukisema kwamba gazeti la jana lina kazi ya pili yenye heshima. Makala kama hii, baada ya kusomwa na kusahauliwa, huenda ikalala msituni na ua kifuani mwake. Hatuoni haya kwa hilo. Pengine ndiyo huduma yake itakayodumu zaidi.

Lakini tawi lililokauka vizuri halijawa ushahidi bado. Kila tawi hupewa namba, na kwa namba hiyo huandikwa katika daftari jina la mkusanyaji, tarehe, mahali, kimo cha mahali hapo kutoka usawa wa bahari, aina ya udongo, urefu wa mti, rangi ya ua kabla halijafifia, utomvu wake na harufu yake. Huandikwa pia jina ambalo wenyeji huuita mmea huo, na matumizi waliyonayo kwao: boriti, dawa, kamba au sumu ya samaki. Waliosoma katika vyuo vya Kurani wanafahamu kwamba habari huulizwa kwanza isnadi yake, nani kaipokea na kwa nani, na kwamba habari isiyo na isnadi haitolewi hukumu. Jani nalo ni vivyo hivyo. Lisilokuwa na maandishi yake ni takataka ya msituni, hata likiwa limetoka kwenye mti adimu kuliko yote duniani.

Furushi likifika hebaria hutiwa kwanza katika friji ya baridi kali kwa siku kadhaa, wafe wadudu na mayai yao. Kisha kila tawi hubandikwa juu ya karatasi nyeupe ngumu, maelezo yake pembeni, na kuwekwa kabatini kwa utaratibu wa jamii na jamaa, kama vile karani mwema anavyopanga mafaili. Desturi njema ni kuchuma matawi kadhaa ya mmea mmoja chini ya namba moja. Moja hubaki nyumbani, na mengine hupelekwa kwenye hebaria za nchi nyingine, ili wataalamu wa huko walinganishe na walichonacho. Ukionekana mmea ambao haujapata kuandikwa, hupewa jina jipya, na jina hilo hufungwa kwenye sampuli moja maalumu. Siku ukizuka ubishi juu ya jina hilo, hata baada ya miaka mia, sampuli hiyo ndiyo itakayoitwa kutoa ushahidi.

Hapo ndipo siasa inapoingia, nasi hatuna sababu ya kuikwepa. Sampuli hizo maalumu za nchi yetu nyingi haziko kwetu. Waliotangulia kuchuma walikuwa wageni, na walichuma kwa ajili ya kwao. Wenceslas Bojer alifika Unguja mwaka 1824 akitokea Mauritius. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa amefuatana na Livingstone, alikuja Unguja mwaka 1866, baadaye akawa Konseli wa Uingereza, na kwa miaka mingi alipeleka mimea ya pwani yetu kwenye bustani ya Kew, London. Mmea utambaao ambao watu wa Mrima walikuwa wakiugema mpira waitwa Landolphia kirkii, kwa jina lake. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilichukua ua dogo la rangi ya zambarau kutoka Usambara na kumpelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Ua hilo leo linauzwa vyunguni katika nchi nyingi za dunia, na wanunuzi wake wengi hawajapata kusikia kwamba kuna milima iitwayo Usambara.

Hatuyasemi haya kwa chuki. Elimu waliyoiandika watu hao ipo, nasi twaitumia. Twayasema kwa sababu amana iliyowekwa kwa jirani hupatwa na yanayompata jirani. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, katika Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin ikateketea, na sehemu kubwa ya sampuli zake ikawa majivu. Miongoni mwa zilizoungua zilikuwamo sampuli za Afrika Mashariki zilizochumwa wakati wa utawala wa Kijerumani, nyingine zikiwa ndizo zilizobeba majina. Vita haikuwa yetu, mji haukuwa wetu, lakini ushahidi uliopotea ulikuwa wa ardhi yetu. Palipokuwa na nakala katika hebaria nyingine, elimu ilinusurika. Pasipokuwa na nakala, wataalamu walilazimika kurudi msituni kutafuta upya, na msitu wenyewe pengine ulikuwa hauko tena.

Wajerumani walikuwa wamefungua taasisi ya utafiti Amani, Usambara, mwaka 1902. Baada yao Waingereza waliiendeleza, na mwaka 1950 hebaria ya Amani ikahamishiwa Nairobi, ambako ndiyo msingi wa Hebaria ya Afrika Mashariki. Mwaka 1952 ulianza kuchapishwa mfululizo mkubwa wa vitabu vya kuorodhesha mimea yote ya mwitu ya Uganda, Kenya na Tanzania. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2012, baada ya miaka 60, ikiwa imeeleza aina 12,104. Katika vitabu hivyo Tanzania Bara imegawanywa sehemu nane, kutoka T1 hadi T8, lakini Unguja imepewa herufi yake, Z, na Pemba herufi yake, P. Kila herufi hizo zinapotokea mwisho wa maelezo ya mmea, maana yake ni kwamba yupo mtu aliyekwenda, akachuma, akakausha na kuandika. Mmea unaoota Micheweni au Makunduchi, kama haukuchumwa na mtu, kwa elimu ya dunia haupo.

Wakati vitabu hivyo vinaandikwa, watu wetu wenyewe walikuwa wamekwisha kuingia kazini. Leonard Mwasumbi, aliyeitunza hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, alikusanya mimea katika pembe nyingi za nchi, na mwaka 2009 jenasi mpya ya jamii ya mtopetope kutoka misitu ya mashariki ya Tanzania ilipewa jina la Mwasumbia kwa heshima yake. Zamani jina la balozi wa nchi ya kigeni ndilo lililofungwa kwenye mmea wetu. Leo limo pia jina la Mtanzania aliyeifanya kazi yenyewe. Hayo ni maendeleo, na hayakuja kwa maneno matupu.

Atakayeuliza faida ya makabati hayo, twamwelekeza Lindi na Kilwa. Katika miaka ya 1930 mkusanyaji wa Kijerumani, Schlieben, alichuma kusini mwa nchi yetu tawi la mti wenye maua mekundu na shina la miiba, ambao waitwa Erythrina schliebenii. Mahali ulipojulikana kuota palifanywa mashamba, na mwaka 1998 mti huo uliandikwa katika orodha ya dunia kwamba umetoweka. Mwaka 2001 ukaonekana tena katika kipande kidogo cha msitu usiolindwa. Mwaka 2008 msitu huo ukafyekwa ili pawe na shamba la mimea ya kutengenezea mafuta ya magari, na watu wakauhesabu mti huo kuwa umekufa mara ya pili. Ndipo mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika safari ya msituni huko kusini mashariki, wakaukuta ungali hai, miti mikubwa isiyofika 50. Katika safari za mwaka huohuo waliukuta pia mti mrefu uitwao Karomia gigas, ambao ulikuwa umeonekana kwanza Kenya, kisha mara moja Tanzania mwaka 1993, na baadaye haukuonekana tena. Waliikuta miti sita.

Msomaji na ajiulize: waliujuaje? Aliyeuona mti wenye maua mekundu msituni angeweza kupita zake, maana miti ya maua mekundu ni mingi. Waliujua kwa kuwa lilikuwapo tawi kavu, lililochumwa miaka 80 nyuma na kuandikwa mahali lilipotoka. Na kuna jambo jingine zito zaidi. Aliyetoa idhini ya kufyeka mwaka 2008 huenda hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Mwenye mamlaka asiyejua kilichomo katika msitu huutia saini mti wa mwisho duniani kwa kalamu ileile anayotilia saini posho ya dereva.

Sasa turejee visiwani kwetu. Pemba ina mnazi wa mwituni uitwao mpapindi, ambao kwa asili yake hauoti popote duniani ila Pemba. Jamaa zake wengi wako Madagaska. Uliandikwa kitaalamu mwaka 1962 na kupewa jina la pembanus, kwa jina la kisiwa. Katika mchanga wa Ngezi kuna vichaka vya jamii ya Erica, jamii ambayo Mtanzania wa Bara huikuta juu ya milima mirefu kama Kilimanjaro, nako Pemba imeota karibu na usawa wa bahari. Aina hiyo yaitwa mafiensis, kwa kuwa Mafia nayo inayo. Visiwa vidogo vina tabia hii, kwamba mali yake ni chache kwa wingi na adimu kwa thamani. Bara msitu ukifyekwa, yawezekana upo mwingine ng'ambo ya mto. Kisiwani ng'ambo ni bahari.

Visiwa vina hazina nyingine isiyokaa msituni, nayo ni majina. Mgeni akitazama miti iliyosimama majini huita yote mikoko, akamaliza. Mvuvi na mkata boriti hutofautisha mkoko, mkandaa, msinzi, mchu na mlilana, na hujua upi unafaa nguzo, upi mtumbwi na upi rangi ya kutia ngozi. Ujuzi huo umo vichwani mwa wazee, na vichwa hivyo havina nakala. Aidha jina moja huweza kutumika Unguja kwa mti huu na Pemba kwa mti mwingine, jambo ambalo katika dawa si la kuchezewa. Jina la Kiswahili likiandikwa kwenye karatasi ileile yenye tawi lenyewe, ubishi huisha, na ujuzi wa mzee huwa umepata shahidi asiyekufa.

Watakuwapo watakaosema kwamba nchi ina haja ya maji, skuli na dawa, na kwamba majani makavu yangoje zamu yake. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini haikutazama mbali. Pwani ya Afrika Mashariki ina mbuni wa mwitu uitwao Coffea pseudozanguebariae, ambao buni zake hazina kafeini. Ulikuwa ukichanganywa na jamaa yake, hata jina lake lina maana ya "zanguebariae ya uongo", mpaka mwaka 1982 ulipotengwa kwa kulinganisha sampuli kavu. Nani awezaye kusema mapema ni mmea gani wa maweni yetu utakaokuwa na thamani kesho? Mkataba wa Kimataifa wa Bayoanuwai wa mwaka 1992 umezipa dola mamlaka juu ya mali yake ya viumbe. Lakini mamlaka juu ya kitu usichokijua ni mamlaka ya karatasi. Mwenye kudai mali mbele ya baraza sharti aitaje.

Wengine watasema kwamba zama za majani makavu zimepita, na kwamba picha ya simu yatosha. Picha inafaa sana, na mkusanyaji wa leo huipiga, tena huandika mahali kwa msaada wa setilaiti. Lakini ua la pichani halichanwi kuhesabiwa mbegu, wala halitolewi vinasaba. Sampuli zilizochumwa kabla mtu yeyote hajajua vinasaba ni nini, leo zinapimwa vinasaba vyake. Aliyechuma aliwawekea wajukuu jibu la swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuliuliza.

Kwa hiyo tuna mambo manne ya kuwaambia wahusika. La kwanza ni kwa wanaotoa idhini za ardhi. Msitu wa maweni kabla haujatolewa kwa hoteli au shamba, mtaalamu wa mimea apelekwe kwanza kuandika kilichomo. Wiki moja ya safari haiwezi kuwa mzigo kwa mradi wa miaka 30. La pili ni juu ya nakala. Mmea uliochumwa katika ardhi yetu, na mgeni au mwenyeji, sharti ubakishe tawi lake nchini, na habari zake zirudi visiwani, zifike skulini na kwa masheha, zisiishie katika majarida ya mbali.

La tatu ni kwa wanaopanga bajeti. Nyumba ya namna hii huweza kufa kimya kimya. Haianguki paa watu wakapiga kelele. Umeme wa friji hukatika, unyevu huingia, mdudu mdogo kuliko punje ya mchele hupenya kabatini, na mtunzaji hustaafu bila ya kijana aliyekaa naye akafundishwa. Kumtambua mmea kwa kuuona ni elimu ya mkono kwa mkono, na mnyororo wake ukikatika hauungwi kwa kununua kompyuta. Mafuta ya gari la safari, mshahara wa mtunzaji na mwanafunzi wa kumrithi ni gharama ndogo zinazolinda mali kubwa.

La nne ni letu sote wananchi. Wakusanyaji wakifika kijijini na mkasi na furushi la magazeti, tusiwacheke wala tusiwadhanie kuwa wametumwa kupima ardhi. Tuwaulize barua yao ya idhini, maana hiyo ni haki yetu, kisha tuwaonyeshe njia. Mwenye kujua jina alitaje, mwenye kujua dawa aamue mwenyewe kiasi cha kusema, na jina la mwenyeji aliyeongoza liandikwe pamoja na la bwana mtaalamu.

Tumezoea kusema kwamba bendera peke yake haijengi nchi. Mtu huru hujua kilicho chake, hukihesabu na hukitunza. Sampuli iliyochumwa leo Ngezi au Jozani, ikikaushwa vyema na kuandikwa kwa ukweli, itakuwapo wakati sisi tunaoandika na ninyi mnaosoma hatupo. Watakaofungua kabati siku hiyo watakuwa na maswali yao. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba wakilifungua, wataikuta hati.